Dakika Kumi na Tano, Samtredia

Kiti cha plastiki, cha saba kutoka dirishani.
Lamzira amenibandika karatasi kifuani:
saa nne na dakika ishirini.
"Kaa hapa mpaka na thelathini na tano."
"Nikingoje nini?"
"Ukingoje kisitokee kitu."

Ukumbi ni wa mieleka. Magodoro yameegemezwa ukutani,
bado yananuka jasho la wavulana
ambao sasa wana wajukuu.
Mkono wangu wa kushoto hauumi.
Umenyamaza tu, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Miaka thelathini na moja niligonga magurudumu.
Treni ya Batumi ikisimama, nashuka na nyundo
ya mpini mrefu, taa kiunoni, mvua isimvua:
gonga, sikiliza. Gonga, sikiliza.
Chuma kizima huimba. Chenye ufa hukohoa.
Juu yangu abiria wamelala, soksi zimeanikwa dirishani,
hawajui kuna mtu chini ya ndoto zao
anayeuliza kila gurudumu: na wewe, je?
Hakuna aliyewahi kunipigia makofi
kwa ajali ambayo haikutokea.

Nilikuja na maswali nyuma ya bili ya umeme.
Mbona haraka hivi? Walijaribiwa akina nani?
Damu je, huganda?
Lamzira alivuta stuli. Hakucheka.
Haraka, alisema, ilikuwa ya fedha na ya mihuri,
mafaili hayakulala mezani miaka mitatu;
watu walihesabiwa mmoja mmoja, maelfu kwa maelfu,
wengine wakidungwa maji ya chumvi bila kujua.
Homa utaipata, labda. Bega zito, siku mbili.
Mzio mkali ni nadra, na huja upesi:
ndiyo kazi ya kiti hiki.
"Na lililo nadra kuliko hilo?"
"Lipo. Lilipoonekana liliandikwa,
wakasimama, wakahesabu upya,
wakabadili nani apewe chanjo ipi."

Angeniambia hakuna hatari hata chembe
ningevaa koti langu nikaenda zangu.
Sijapata kuona gurudumu lisilo na hatari.
Nimeona lililogongwa, na lisilogongwa.

Mwezi wa tano, tukifunga mizabibu,
ndugu yangu Otari alinishika kiwiko:
Nodar, wewe ndiye mkaguzi. Nichanjwe?
Nikamwambia ngoja. Waache wengine watangulie.
Nilisema nikiwa na kamba mdomoni,
hata sikugeuka.
Mwezi wa nane alingoja kitanda.
Akakipata. Akangoja pumzi.
Kungoja nako kuna madhara yake,
ila kungoja hakuji na karatasi ndani ya boksi.

Kiti cha nane, Tsiala muuza jibini
anatoa kijiko mkobani, anakibandika begani
aone kama kitaganda kwa sumaku anayosikia habari zake.
Kimeanguka. Amekiokota, amekifuta,
amekijaribu tena upande wa pili.
Kimeanguka.
Nadhani amevunjika moyo kidogo.

Na thelathini na moja.
Treni ya mizigo inapita nyuma ya ukumbi,
vioo vinatetemeka, nami, kwa mazoea,
nafumba macho nahesabu mabehewa.
Tisa. Kumi. Kumi na moja,
ekseli ya nyuma:
kikohozi.

Naomba simu ya Lamzira, yangu haina salio.
Kijana wa zamu anapokea akitafuna.
Namwambia mimi ni mzee Nodar, ndiyo, yule,
nimekaa kitini na siruhusiwi kuinuka.
Labda masikio yangu yamezeeka, namwambia.
Labda si kitu.
Una kalamu?
Andika.