Huyo Mmoja Mwache

Mwalimu Kalunde alinipigia Jumamosi, jua la Cheyo likiwa utosini:
"Njoo uitazame. Inawaka kama mgonjwa anayeamshwa anywe dawa."

Nikaikuta imevishwa kitambaa cha kufuma,
kitambaa kimeziba matundu yote ya kupumulia.
Nikakitoa. Nikafungua ubavu kwa bisibisi:
vumbi jekundu la Tabora, unyoya wa kuku,
mende mkavu aliyefia njiani akielekea kwenye feni.
"Ndiye huyo?"
Huyu hana kosa, mwalimu. Huyu alikuja kuota moto.

Nilimaliza sahani ya matobolwa, nikaanza karanga,
ndipo skrini ikakubali kutuona.
Kisha yakaja madirisha.
HONGERA, WEWE NI MGENI WA MILIONI MOJA.
Nikalifunga, likazaa pacha.
PUNGUZA TUMBO KWA SIKU TISA.
Nikafunga pacha, ukaja ukoo mzima na mabegi yao.
KOMPYUTA YAKO INA VIRUSI 417, BONYEZA HAPA IPONE:
mwizi anayekimbia mbele akipiga kelele za mwizi.

"Ulibonyeza?"
"Nilibonyeza. Si walisema itapona?"

Nikachomoa modemu. Nikaizima, nikaiamsha katika hali salama,
ile ya skrini nyeusi na maandishi manene,
nyumba iliyotolewa vyombo vyote nje ipigwe dawa ya kunguni.
Hapo ndipo unaona nani analala wapi.
Mmoja amejibandika kwenye kivinjari, kupe sikioni mwa mbwa.
Mwingine anajiita msaidizi, hajasaidia tangu azaliwe.
Mwingine kila ukurasa anaofungua mwalimu anaupeleka
kwa watu wasiojua Tabora iko upande gani wa reli.
Niliwatoa mmoja mmoja. Waliofufuka
niliwafuata hadi walikoandikisha majina yao.
Umeme ukakatika, tukakaa kimya
tukisikiliza behewa za mizigo zikienda Urambo.
Uliporudi nikaendelea. Saa kumi jioni: arobaini na wawili.

Wa arobaini na tatu hakuja na intaneti.
Aliingia kwa flashi, Ijumaa moja ya mwezi wa tano,
saa nne na dakika kumi na nne usiku.
Jina lake kalamu, herufi ndogo, adabu tupu.
Kazi yake kunakili kila kitufe kinachoguswa.

Kwenye msumari, shati la Msabila, mteuzi wa tumbaku,
linanuka jani hata likifuliwa mara mbili.
Nikajifanya natafuta bisibisi niliyokuwa nimeishika.
Chuoni walitufunza kuondoa. Kusema hawakutufunza.

"Mwalimu, kuna mmoja hapa..."
"Kalamu," akasema, anamenya karanga. "Huyo mmoja mwache."

Sikujibu.

"Msabila akirudi anauliza chakula, chaja, ufunguo wa pikipiki.
Miaka sita hajauliza kingine.
Nilipogundua anasoma, nililia wiki nzima.
Wiki ya pili nikaanza kuandika.
Nikaandika goti linaniuma. Jumapili akaleta dawa ya kuchua,
akaiweka dirishani, hakusema ameijuaje.
Nikaandika nilivyomwota mama.
Nikaandika kwamba zamani alikuwa akicheka hadi anashika ukuta.
Mwezi jana nikaandika: najua unasoma."

"Akafanyaje?"

"Akanunua kiti. Hicho ulichokalia."

Kilikuwa cha magurudumu, nailoni bado mgongoni.

Nikaiwasha upya. Sekunde hamsini.
Hakuna dirisha lililofunguka lenyewe.
"Elfu kumi na tano," nikasema, "ya wale arobaini na wawili."
Akalipa, akaongeza chupa ya asali,
kitambaa chake akakitandika chini ya mashine, si juu.

Njia nzima hadi Isevya nilikuwa nabishana na begi langu.
Usiku, kabla ya kulala, niliwasha kompyuta yangu mwenyewe,
nikatafuta kila faili, kila kona.
Hakukuwa na mtu.