Kaa

Saa nne usiku, Kemi, nyuzi ishirini na sita chini ya sufuri,
na kitu pekee chenye joto katika stoo yangu
ni seva, juu ya kreti kuukuu la bia,
feni zake zikihema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia.
Paka amejilaza juu yake. Kwake hiyo ni jiko.

Ndani yake kuna kisiwa. Kisiwani tuko tisa.
Na leo kisiwa kina kigugumizi:
Ilpo anainua shoka, shoka linabaki hewani,
anakwenda kuchemsha kahawa, anarudi,
mti bado haujapata habari kwamba umekatwa.
"Raila," ananiandikia, "ulimwengu wako unakwama."
Ukikwama ni wangu. Ukienda vizuri ni wetu sote.

Nikafungua daftari la viumbe, nikahesabu waliofugwa:
elfu moja mia nne na kumi na saba.
Mbwa mwitu, nyati wa barafu, bundi wakubwa kama milango,
mijusi wa kupandwa walioletwa na ile modi ya tatu
tuliyoipigia kura kwa shangwe, usiku wa manane, hatuna akili.

Kila mmoja wao anafikiri. Hilo watu hawalielewi.
Mara ishirini kwa sekunde mnyama anauliza:
bwana wangu yuko wapi? nipite wapi? adui yupo?
Na seva, maskini, humjibu kila mmoja,
hata kondoo aliyebanwa kati ya kuta mbili
anayetafuta, tangu Septemba, njia ya kumfikia bwana
aliyeacha kucheza Agosti.

Nikafunga uzazi kwanza. Mayai yakabaki mayai.
Kisha nikatangaza: kila mtu arobaini,
waliozidi waingie kwenye chupa za usingizi.
Veikka akabisha: bundi wake wanalinda mnara.
Dhidi ya nani, Veikka?
Tunajuana sote hadi namba za viatu.
Ilpo aliwaachia mbwa wake mmoja mmoja, kimya,
akatoka bila kuaga.

Nilimwogopa Sointu. Ana miaka kumi na miwili
na sungura mia tatu na wanane, wote wana majina.
Akauliza: "Ndani ya chupa, wanaota?"
Nikapekua faili, mstari kwa mstari. Ndoto hakuna.
Nikamjibu: "Hawaoti. Lakini hawangoji."
Nukta tatu zikacheza kiooni, zikazimika, zikacheza tena.
"Basi watie. Ila Pippuri abaki, anaogopa giza.
Na kuku wale nyuma ya kilima ni wa nani?"

Kuku wapi?

Nyani haoni kundule.
Nyuma ya kilima, katika kibanda changu cha kwanza,
mashine niliyoiunda majira ya baridi yaliyopita
ilikuwa bado inaangua, inaangua, inaangua:
kuku mia tano na sita, jina langu shingoni mwao,
wamesongamana hata hawaonekani ni kuku,
ni weupe tu unaotetemeka.
Sikumwambia mtu idadi. Sointu alikwisha kuhesabu.

Waliobaki niliwapitia kwa miguu, mwenge mkononi.
Mnyama aliyeketi hatafuti njia.
Kaa, nikamwambia nyati. Kaa, bundi. Kaa, Pippuri.
Neno moja, na kila aliyeketi
alishusha kitu fulani kutoka mgongoni mwa seva.
Mahali fulani kaskazini mti ukaanguka, kwa wakati wake,
wala Ilpo hakuwapo kuusikia.

Feni zikapunguza pumzi. Stoo ikaanza kupoa.
Paka akaamka, akanusa bati lililopoteza moto,
akanitazama kama anayedai kodi.
"Kaa," nikamwambia.
Hakukaa.