Mistari Miwili ya Nukta

Monga wa darasa la tano ameniletea karatasi.
Ni ya gazeti la ukutani, anasema,
walimu wote wanajaza, Madamu, hata prefe.
Swali la kwanza: Uraibu wako ni nini?
La pili: Ulipokuwa mwanafunzi, shuleni ulifanya nini?
Kila swali limepewa mstari mmoja wa nukta,
nukta ishirini na saba. Nimezihesabu.

Ni mapumziko. Vumbi jekundu la Katuba
limeingia hadi ndani ya sukari.
Bwana Kapend wa hisabati amekwisha kuandika: Njiwa.
Basi, njiwa tu. Hakuandika kwamba tangu Aprili
kila jioni anahesabu kumi na tisa juu ya bati
na kuanza upya, yeye aliyetufundisha miaka thelathini
kwamba jibu halibadiliki kwa kuliangalia.

Prefe ameandika: Sala na familia.
Tunamheshimu. Lakini vile viatu vyeupe
tumeviona, Jumamosi, Kamalondo,
vikizunguka sakafuni kana kwamba vyenyewe ndivyo vilivyomleta.

Tshibanda wa Kifaransa hakuandika kitu.
"Ninauza makaa," alisema, "na vocha za simu,
Jumapili nanyoa watu vichwa.
Huo si uraibu, dada. Hiyo ni kodi ya nyumba."
Akairudisha karatasi safi kwa mikono miwili,
kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.

Mimi niliandika kwanza: Kusoma.
Ndilo neno letu sisi tusiotaka kuulizwa zaidi.
Nikalikata.

Maana ukweli wangu una kelele. Unaanza saa mbili usiku,
majirani wakishakula bukari,
nikitoa msumari butu na nyundo ya marehemu baba
na kipande cha shaba chembamba kama jani la mhindi,
nikikilaza juu ya gunia la mchanga.
Tok. Tok. Jirani anagonga ukuta, mimi nagonga shaba,
ndivyo tunavyosalimiana.
Baba aliyeyusha shaba ya watu
mpaka bomba kubwa la moshi likanyamaza
na mshahara ukanyamaza nyuma yake.
Nyumbani hakuleta hata gramu moja.
Mchana naijua kwa herufi mbili ubaoni,
namba ishirini na tisa, darasa zima linaitikia.
Usiku naijua kwa kidole gumba.
Sichongi tembo, wala wanawake wenye mitungi
wanaouzwa kwa wageni mbele ya posta.
Nachonga mikono. Ya Kapend ikirusha mahindi.
Ya mama wa mikate ikifunga noti kwenye kitenge.
Ya Monga huyu huyu, siku ile
ilipotetemeka na chupa ya asidi, na haikuiangusha.

Haya, la pili.
Wangependa niseme nilikuwa wa kwanza darasani.
Nilikuwa wa kumi na moja.
Wangependa niseme nilikimbia.
Mguu wangu wa kushoto ulipungua upana wa kidole,
basi siku za mashindano masista walinipa uzi.
Uzi wa sufu, wa kijani.
Nguzo ya goli upande ule, mimi upande huu,
na wasichana wakitokea ndani ya vumbi
macho wamefumba, midomo wazi,
wakiukata kwa vifua.
Kila mara mvuto ulinifikia hapa, kati ya vidole,
kabla ya makofi, kabla ya filimbi ya sista.
Kisha nilipiga fundo, nikangoja wengine.
Kufikia muhula wa mwisho
uzi wote ulikuwa mafundo.

Kengele. Monga yuko mlangoni, kalamu nyuma ya sikio.
Naandika haraka, kwenye la kwanza: Shaba.
Kwenye la pili: Nilishika uzi.
Anasoma. Anakunja uso.
"Uzi wa nini, Madamu? Ulikuwa unashona?"
Nukta nyingi zimebaki tupu.
"Iache hivyo hivyo," namwambia,
"na ufunge kamba ya kiatu kabla hujashuka ngazi."