Bomba Lenye Mshono

Ukurasa wa kwanza wa daftari niliandika kwa wino mwekundu:
laki tisa, mwisho.
Nikapiga mstari chini yake, nikautazama
kama mtu aliyefunga mlango, ufunguo akaumeza.

Injini: ya Starlet iliyopinduka Mnazi Mmoja,
mwenyewe hataki kuiona tena. Laki nne na nusu.
Kuifikisha Nachingwea juu ya Fuso la saruji,
elfu sitini, na soda ya utingo.
Soda sikuiandika.

Yako mengi sikuyaandika.
Vijiti vya kuchomelea, pakiti kumi na moja.
Luku inayolia usiku wa manane
wakati kimebaki kiungo kimoja.
Jicho la Chilumba, lililolala siku mbili
chini ya vipande vya kiazi kibichi,
kwa sababu miwani ilikuwa moja
na sisi tulikuwa wawili, wote tuna haraka.

Klachi ilitoka Gerezani na basi la Jumatatu.
Somanga, maji yakakata barabara.
Siku kumi na mbili nilishinda natazama mawingu
kana kwamba nina shamba huko.
Ilipofika, ilikuwa ya Corolla.

Shamba ninalo. Somoe alinikumbusha:
mikorosho imeanza kutoa maua na salfa hatujanunua.
Nikasema, malipo ya mnada yakiingia.
Akanitazama vile karani wa chama cha msingi
anavyolitazama gunia lililotiwa mawe.

Mbio zilikuwa kwenye uwanja wa ndege wa zamani,
wa enzi za Waingereza wa karanga.
Babu aliyapaka grisi matrekta yao.
Mshahara aliuona kila mwezi,
karanga, alisema, alizinunua sokoni.

Mkaguzi alikuja na drili ndogo mfukoni.
Mikanda, sawa.
Mtungi wa kuzimia moto, sawa.
Betri imefungwa, sawa.
Kisha akaligonga bomba la keji kwa ukucha,
akainamisha sikio,
akatoboa tundu, akaingiza kipimo.

"Hili lina mshono. Tena limepungua nusu milimita."

Nusu milimita!
Nikacheka, yeye hakucheka.
"Likipinduka," akasema, "linafunguka kama ganda la karanga.
Karanga yenyewe ni wewe."

Magari saba yakakimbia. Vumbi lao
tulilila bure, hilo peke yake halikuwa na bei.
Namba nane tulilivuta kwa kamba nyuma ya bajaji,
na watoto wa Songambele wakatushangilia njia nzima
wakidhani tumeshinda.
Chilumba, Mungu amsamehe, akawapungia mkono.

Bomba lisilo na mshono: laki nane na nusu,
nauli mbali, Somanga mbali.
Nimeliandika kwa penseli.
Juu yake, kwa mwandiko ambao si wangu:
salfa, mifuko mitatu. Kwanza.

Keji nimeikata kwa grinda, diski nne.
Mabomba yake Somoe ameyaomba,
Chilumba akamchomelea kichanja cha vyombo
pale nyuma ya jiko.
Masufuria, sahani, vikombe vya wageni
vinakauka juu yake tangu mwezi wa nane.
Hakijapinduka.