Jicho la Kushoto

Walilileta Shimanzi juu ya lori, limegubikwa turubai
kama mwari anayefichwa macho ya watu,
na Bwana Kurban Esmailji, tajiri wa misumari na saruji,
akalifunua mwenyewe, taratibu, pembe kwa pembe.
"La mwaka wa tisa," akasema.
Hakutaja elfu wala mia,
kama kwamba karne ile ingali jirani yake.

Mimi ni Mwanasha binti Shekue, mfua madele wa Kibokoni.
Kazi yangu shaba: midila, masinia, vyetezo,
njumu za milango ya watu wenye milango.
Magari siyajui. Baiskeli tu ilinibwaga Makadara
mwaka wa harusi yangu, na sijaipanda tena.
Lakini hili lilikuwa chombo cha shaba kilichotiwa magurudumu:
rejeta ya shaba,
honi ya shaba iliyojikunja kama pembe ya kondoo dume,
taa mbili, kila moja sufuria ya pilau ya watu wanne,
na zote zimeota kutu ya kijani
mithili ya kuta za kisima.

Injini ilikuwa ya Kombo wa Changamwe.
Miezi saba alilala chini yake, miguu nje,
akiitukana, akiibembeleza,
injini iliyonyamaza kabla babake hajatahiriwa.
Mimi nilikaa kando na ukwaju, majivu na ndimu.
Bwana alininunulia dawa ya kopo, ya Ulaya.
Nilishukuru. Nikaiweka dirishani. Ikakaa.

Taa ya kushoto ndiyo iliyonishika mkono.
Chini ya kutu, kiraka,
upana wa kiganja cha mtoto,
shaba yake nyekundu zaidi, lehemu yake nyembamba
kama wanja wa mtu asiye na haraka.
Nikasugua. Likatoka ua, nusu.
Nikasugua. Ukatoka mkia wa herufi, bila herufi.
Sinia!
Mtu alikata sinia kulipa gari jicho.

Nani? Na gari liligonga nini, mbuzi wa Mwembe Tayari,
au nguzo, au ukuta wa mzungu mwenzake?
Nilimwona fundi yule asiye na jina
akiambiwa spea zitafika na meli, miezi mitatu,
na bwana wake anataka kutoka Jumapili.
Nilimwona akiingia jikoni kwake, akipima kwa macho.
Mkewe alisemaje usiku ule
alipotaka kupakua?

Bwana Kurban alifungua kitabu chake cha picha.
"Si ya asili," akasema. "Waamuzi wa Nairobi wana macho.
Kiraka hiki kitatula alama."
Akaagiza taa nyingine kutoka ng'ambo.
Ikaja ndani ya sanduku, imelala kwenye majani makavu,
nzuri, sawasawa, haijawahi kuona kitu.
Niliifunga mwenyewe. Skrubu nne.
"Na hii?"
Akapunga mkono. "Chukua, ukafulie dele."

Siku ya kuondoka Kombo alizungusha hendeli mara tano.
Gari likakohoa, likapiga chafya, likakubali,
na wapakuzi wote wa Shimanzi wakaacha magunia
wakapiga makofi. Mimi pia. Sikatai.
Lilikuwa zuri mpaka uchungu.

Baada ya wiki Kombo akapiga simu: la pili.
Sikumuuliza alama zilipotelea wapi.

Jumanne stima imekatika, Kibokoni yote giza.
Nilitia kabidi, nikatonesha maji,
harufu ya kitunguu saumu ikapanda, nikawasha kiberiti.
Mwanga mweupe ukaruka hadi dari ya boriti.
Mjukuu wa dada yangu akasogeza daftari la hesabu,
akagusa kiraka, akaunguza kidole, akakinyonya.
"Bibi, ua hili mbona nusu?"
Soma, nikamwambia.
Soma kabla kabidi haijaisha.