Kikohozi Katika Kanda

Walijiita Shakwe Wanne,
na mimi, fundi wa mitambo, nilikuwa wa tano nisiyehesabiwa,
nyaya shingoni, penseli sikioni.
Majira ya joto tulipiga ufukweni, Zonguldak,
mashati ya njano, viatu vyeupe,
Sabiha akiimba busu lililosahauliwa kituo cha basi,
makarani wa benki wakicheza pekupeku mchangani.
Gitaa la Tuncay lilicheka. Sina neno jingine.
Lilicheka kama mtoto anayetekenywa.

Kisha Jumanne ile ya Machi.
King'ora mara tatu, halafu tatu tena,
na mji mzima ukateremka kilima na ndara.
Wanawake walisimama getini na chupa za chai.
Ikapoa, wakaleta nyingine, ikapoa.
Waziri alikuja na koti jipya, akasema: ni kudra.
Kampuni ikasema: ni kudra.
Mama yake Ilgaz, mpiga besi wetu, akauliza
kama ni kudra iliyozima kengele ya gesi
ili zamu isikatizwe.
Hakujibiwa. Alipewa maji.

Mazoezi yaliyofuata, hakuna aliyevaa njano.
Tuncay akazilegeza nyuzi,
mmoja mmoja, mpaka ule mnene ukaning'inia
ukanguruma kama lori mlimani, gia ya kwanza.
Nikamwambia, "Umeliharibu."
Akasema, "Ongeza besi."
Feridun akafungia matoazi yake kabatini.
Na Sabiha, mwenye sauti ya asali kwenye mkate wa moto,
akasoma majina. Hakuimba, alisoma,
kila jina na namba ya taa yake ya kichwani,
taa ambazo hazikurudishwa stoo.

Mwenye ukumbi alisema watu hulipa kucheza,
matanga wanayo bure nyumbani.
Redio ilitupiga mara moja, saa nane usiku,
ikaomba radhi kabla ya taarifa ya hali ya hewa.
Wakaja polisi wawili kunakili maneno.
Mmoja alipofika taa namba 417
kalamu yake ikasimama.
Sikumuuliza.

Lakini aliyetukata maini ni Vehbi, babake Tuncay,
mmoja wa tisa waliotoka wazima.
Alikaa juu ya kreti, kofia magotini,
akausikiliza wimbo wote, akasema:
"Kelele nyingi.
Chini kule, baada ya mlipuko, palikuwa kimya.
Kimya ndicho kilichotutisha."
Tuncay alipiga teke spika. Spika yangu.
Siku kumi hakumsemesha mzee.

Ankara, ukumbi wa chama cha wafanyakazi,
mabasi mawili ya wachimbaji yamekuja kutoka kwetu.
Katikati ya wimbo, bila kutuambia,
Tuncay akainua mkono kutoka kwenye nyuzi.
Feridun akapiga pigo moja la peke yake, akaduwaa.
Mimi nikadhani waya umekatika,
nikatambaa kwa magoti chini ya jukwaa, natafuta.
Kijana mmoja nyuma akadai wimbo wa busu.
Hakuna aliyecheka.
Kimya kikakaa. Kikavuta kiti.

Ndipo kutoka safu ya tatu kikaja kikohozi,
kikavu, chenye makaa ndani yake,
kikipanda taratibu kama mtu na ngazi.
Nilikijua. Kimekohoa sebuleni kwao miaka yote.
Kikajibiwa na kingine upande wa dirisha,
na kingine,
na ukumbi mzima ukakohoa gizani
mpaka Sabiha akaliinua jina lililofuata.

Sasa kanda iko mbele yangu.
Mwenye studio anasema wimbo ni mzuri,
kata tu hapo katikati, sekunde arobaini na moja,
wasikilizaji watadhani mashine zao zimekufa.
Kiwembe cha kukatia kanda kiko mezani tangu asubuhi.
Nimekatia jibini.