Unga wa Majina

Walianza kuingia Kitangari mwezi ungali haujaonekana:
basi likawamwaga wa Dar na mabegi yao,
wa Masasi wakaja na pikipiki tatu, beberu katikati,
na Shangazi Asumini, asiyepanda chenye injini bila kutapika,
akashuka kichwa kafunga khanga, anauliza
kama maji yapo.
Yapo, shangazi. Tumenunua madumu arobaini.

Vichwa sitini na vitatu. Nimehesabu kwa sahani,
maana watoto hawatulii uwahesabu kwa macho.
Mbuzi wa kuchinja mmoja, mbuzi za kukunia nazi tano,
na juu ya kila moja mke wa mtu, anakuna, anasengenya.
Kisamvu cha korosho kikatokota. Wali ukaiva.
Kisha kimya.

Ungo wa unga ulikuwa pale kizingitini,
na mkono uliozoea kuudokoa
tuliuzika Rajabu.

Kila Idi Bibi Somoe alitaja: jina, unga kidogo,
jina, unga kidogo,
mpaka walioko chini wote wametangulia kula.
Sasa nani anajua?

Mjomba Chilumba akajaribu, kwa sauti yake ya mikutanoni:
"Nanjonda. Bakari Nanjonda. Fatu binti Bakari..."
Akakwama.
Kijana wa Dar akatoa simu; alimrekodi bibi mwaka juzi.
Tukasikiliza jogoo, kitoto kinalia, mtu anacheka,
na mbali kabisa bibi, kama anayesemea ndani ya mtungi.
Asumini akasema baada ya Fatu ni Likapa.
Wakamrukia: Likapa hatajwi!
Aliuza mikorosho ya wenzake akavuka Ruvuma!
Ubishi ukapamba. Wali ukaanza kunukia ukoko.

Mimi ni wa Tunduru. Mwaka wa ishirini na sita nimeolewa humu,
na jamvini wakati wa majina sijawahi kuitwa.
Mahali pangu ni mlango wa jikoni, mwiko mkononi,
nasubiri jina la mwisho ndipo nipakue.
Mwenye kusubiri mwisho huijua njia nzima.

"Nanjonda," nikasema. "Bakari. Fatu. Likapa..."
Ndiyo, Likapa. Bibi alimtaja upesi, kama anayeruka dimbwi,
lakini unga alimtilia sawa na wenziwe.
"Mtupa. Zuhura wa Mkunya. Mapacha wasiopewa majina.
Selemani wa mkongeni, aliyerudi bila vidole..."

Mtu akanisogezea ungo. Sikuona nani.

Nilipomaliza, nikaona bado mkono una unga.
"Somoe," nikasema.
Chilumba akaangalia pembeni, akakohoa,
akasoma Fatiha haraka haraka.

Nikarudi jikoni kupakua. Ukoko nikamtengea Asumini.
Nikageuka: kabinti ka Dar kamenifuata, meno ya mbele hakana.
"Baada ya Likapa ni nani?"

"Shika sahani hizi," nikamwambia.
"Simama hapa mlangoni."